Kikufuli cha VPN kiko palepale, ofisi haipatikani. Nani anidanganye zaidi?

Mhasibu_wa_Tabata

Wakuu habari za jioni.

Mimi si mtu wa kompyuta. Ni mhasibu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ipo Posta, Dar es Salaam, mimi nakaa Tabata Kimanga. Siku kadhaa kwa wiki bosi ameniruhusu nifanyie kazi nyumbani, maana foleni ya asubuhi ya huku kwetu mnaijua. Kijana wetu wa IT kaniwekea Ubuntu 24.04 kwenye laptopu na VPN ya WireGuard, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi kupitia intaneti. Nabofya pale juu kulia, nawasha, kikufuli kinatokea, naingia kwenye folda za ofisi kama niko mezani kwangu. Ikifanya kazi sina neno kabisa.

Ugomvi wangu ni na hicho kikufuli. Nikiwasha kinatokea, safi. Lakini ofisi ikipotea HAKIONDOKI. Wala hakibadiliki rangi, wala hakipigwi mstari. Kimekaa tu pale juu kimetulia, mimi nahangaika huku chini.

Wiki hii nilikuwa naandaa ankara ya mteja ambaye kontena lake limeshashuka, na mnajua mzigo ukikaa bandarini kupita muda wake gharama za hifadhi zinaanza kuhesabiwa. Programu ya uhasibu ikaganda katikati ya kuhifadhi. Natazama juu, kikufuli kipo. WhatsApp inaingia, YouTube inacheza, kwa hiyo intaneti ya nyumbani ni nzima. Nikampigia kijana wa IT, ambaye naye siku hiyo alikuwa saiti huko Kibaha:

"Dada, kikufuli kipo?"
"Kipo."
"Basi VPN ni nzima. Tatizo ni programu, ifunge uifungue tena."

Nikaifunga, nikaifungua. Ikagoma hata kufunguka. Nikazima laptopu nzima, nikawasha, kikufuli kikarudi na tabasamu lake, na bado hamna kitu. Baadaye ndipo dada wa mapokezi akaniambia kwenye simu, kama jambo la kawaida tu, kwamba umeme ulikatika mtaa mzima wa ofisi na rauta ilikuwa imezima muda wote huo. Jenereta la jengo linawasha taa na lifti, sisi soketi za chumba cha seva hazimo.

Sasa naomba mnieleze kwa lugha ya mhasibu. Kama rauta ya ofisi imezima, VPN imeunganishwa na nini? Na hicho kikufuli kinathibitisha kitu gani hasa? Maana duka lililofungwa likiacha kibao cha "Tuko wazi" mlangoni, wateja watamlaumu mwenye duka, hawatalaumu macho yao.

---

fundi_sinza

Zima waifai, washa tena. Ikigoma toa VPN uiweke upya. 90% ya haya mambo yanaisha hapo.

---

Mhasibu_wa_Tabata

@fundi_sinza asante kaka, lakini rauta iliyozimika Posta haiwashwi na waifai ya Tabata. Sijauliza jinsi ya kuirudisha. Nimeuliza kwa nini sikuambiwa kwamba imeondoka.

---

mzee_wa_seva

Dada umeuliza swali zuri kuliko wengi wanaojiita mainjinia humu, ngoja nikae nalo vizuri.

Kikufuli hicho hakichorwi na WireGuard. Kinachorwa na GNOME, yaani hiyo skrini yako, baada ya kuulizia kwa NetworkManager, ambayo ndiyo inashika mambo yote ya mtandao kwenye Ubuntu. NetworkManager inajibu swali moja tu: je, muunganisho huu umewashwa kwenye mashine hii? Umewashwa. Kiolesura (mlango wa mtandao ambao VPN imeutengeneza ndani ya laptopu) kipo, kina anwani, njia za kwenda mtandao wa ofisi zimeandikwa. Kwa upande wake kazi imekwisha, inaweka kikufuli. Hakuna mahali ilipouliza kama kuna mtu upande wa pili.

Ungetegemea basi WireGuard yenyewe iseme "jamani mwenzangu kapotea". Haisemi, na hii si hitilafu, imeundwa hivyo. WireGuard haina kitu kinachoitwa kuunganishwa kwa maana unayoifikiria wewe. Inatuma paketi zake (vipande vya data) kwa UDP, na UDP ni njia ya kutuma isiyosubiri mtu aitikie. Kama huna cha kutuma, inanyamaza kabisa, haitoi hata sauti. Ukiwa na cha kutuma, inapeana salamu na upande wa pili ili watengeneze ufunguo mpya, na ufunguo huo hubadilishwa kila baada ya sekunde 120 hivi mawasiliano yakiendelea. Ufunguo ukifika sekunde 180 bila kubadilishwa hautumiki tena. Sasa upande wa pili usipojibu salamu, WireGuard inajaribu tena kila baada ya sekunde 5, ikifika dakika moja na nusu inaacha, inasubiri uwe na kitu kingine cha kutuma. Muda wote huo kiolesura kinabaki kimewaka. Hakizimwi, kwa sababu aliyeiandika alitaka mtu afunge laptopu, apande gari, aifungue mjini kwenye mtandao mwingine, na kila kitu kiendelee bila kuunganisha upya. Kwa kazi hiyo ni tamu sana. Kwa kumwambia mhasibu kwamba rauta imezima, haifai.

Ukitaka kuona ukweli, fungua terminal (dirisha la kuandika amri) uandike:

`sudo wg show`

Tafuta mstari ulioandikwa "latest handshake". Hiyo ndiyo salamu ya mwisho iliyojibiwa. Siku ile ungeona dakika arobaini zilizopita au zaidi, au baada ya kuwasha upya laptopu usingeuona mstari wenyewe kabisa, na hapo ungemwambia kijana wenu afunge mdomo.

Kuhusu WhatsApp kuendelea: inaonekana wamekuwekea VPN ya nusu, trafiki ya ofisi tu ndiyo inapita humo, mengine yote yanatoka moja kwa moja kwa mtoa huduma wako. Ni mpangilio mzuri, unaokoa bando. Ila unakuficha tatizo. Wale ambao trafiki yao yote inapita kwenye VPN wangejua papo hapo, maana hata WhatsApp ingekufa.

---

Mhasibu_wa_Tabata

Mzee shikamoo, na asante sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea.

Lakini sijaridhika. Unaniambia kikufuli kinaonyesha nilichoomba, hakionyeshi nilichopata. Mimi kazi yangu yote ni kutofautisha hayo mawili! Mteja akisema "nimelipa", siandiki imelipwa, naangalia taarifa ya benki. Sasa waliotengeneza hiyo skrini wangeshindwaje kuweka alama mbili, moja ya "umewasha" na nyingine ya "ofisi inaitika"? Mbona waifai ikiwa haina intaneti inawekwa alama ya kuuliza?

---

mzee_wa_seva

Marahaba.

Alama ya kuuliza ni hadithi nyingine. NetworkManager ina kipimo chake cha intaneti: kila baada ya muda, kwa kawaida sekunde 300, inaomba ukurasa mdogo kutoka kwenye seva inayojulikana, kwa Ubuntu ni connectivity-check.ubuntu.com, ikipata jibu inalolitegemea inasema uko mtandaoni. Windows nayo inafanya kitu hichohicho kwa msftconnecttest.com. Hapo wanajua wamuulize nani, kwa sababu intaneti ni moja kwa wote. Ofisi yako Posta hawaijui. Hawajui kama rauta yenu inajibu ping (kipaketi cha kuuliza "upo?"), hawajui seva yenu ina anwani gani, na mwenye VPN wala hajawaambia. Nakubaliana na wewe kwamba wangeweza kuweka nafasi ya kuandika "ulizia hapa", lakini hawajaweka.

Na usidhani ni WireGuard peke yake. OpenVPN, aina nyingine ya VPN, ina afadhali kidogo: ukiweka `keepalive 10 60` inatuma ping yake kila sekunde 10, na ikipita sekunde 60 bila kusikia kitu inaanza kuunganisha upya. Lakini kama kuna `persist-tun` kiolesura hakishuki wakati inahangaika, na mtu anayetazama kikufuli anaweza asione tofauti.

---

dada_wa_mitambo

Nimefika, nilikuwa kazini zamu ya usiku. Mzee kamaliza nadharia, mimi naleta dawa.

Kwanza tahadhari. Watu wengi watakuambia "tazama handshake, ikizidi dakika tatu VPN imekufa". Si kweli kila wakati. Kama hujagusa kitu cha ofisi kwa nusu saa, handshake itakuwa ya nusu saa iliyopita na VPN ni nzima kabisa, ilikuwa imenyamaza tu. Kipimo hicho kinaaminika pale tu kwenye usanidi wako pamewekwa `PersistentKeepalive = 25`. Hapo inatuma kipaketi kitupu kila sekunde 25, salamu zinaendelea kubadilishwa hata ukiwa umelala, na handshake ikizidi dakika tatu kweli kuna jambo. Mwambie kijana wenu aiweke, ni namba moja tu. Lakini asikudanganye kwamba keepalive itazuia ofisi kupotea. Haiwashi rauta.

Pili, `wg show` inadai nywila ya sudo na wewe huna haja ya kuishi kwenye terminal. Rahisi zaidi ni kuuliza ofisi yenyewe mara kwa mara, kisha laptopu ikupigie kelele jibu likibadilika. Hii hapa, hifadhi kama `ofisi.sh` kwenye folda yako ya nyumbani:

```
#!/bin/bash
hali=ipo
while true; do
  if ping -c 3 -W 2 10.20.0.1 >/dev/null 2>&1; then
    sasa=ipo
  else
    sasa=haipo
  fi
  if [ "$sasa" != "$hali" ]; then
    if [ "$sasa" = haipo ]; then
      notify-send -u critical "Ofisi haijibu" "Usihifadhi kitu kwanza"
    else
      notify-send "Ofisi imerudi"
    fi
    hali=$sasa
  fi
  sleep 30
done
```

Badala ya 10.20.0.1 weka anwani ya ndani ya rauta yenu, kijana anaijua. Ipe ruhusa kwa `chmod +x ofisi.sh`, halafu iingize kwenye Startup Applications ianze yenyewe ukiwasha mashine.

Angalia kitu kimoja kwenye hiyo skripti: inasema mara moja tu hali inapobadilika. Nimeona watu wanaandika zinazopiga kelele kila dakika hadi ofisi irudi. Siku ya pili mwenye laptopu kashaizima, na siku ya tatu tuko palepale.

---

Mhasibu_wa_Tabata

@dada_wa_mitambo Mungu akubariki mdogo wangu (nadhani ni mdogo wangu, kama ni dada mkubwa nisamehe).

Nimeiweka. Rauta inajibu. Nikasema ngoja niiweke na ya seva ya uhasibu pia, anwani yake ninayo. Ikaanza kuniambia "Ofisi haijibu" na huku faili za kwenye hiyohiyo seva nimezifungua nazisoma! Sasa nani mwongo tena?

---

dada_wa_mitambo

Hahaha dada. Hiyo seva ni Windows, sio? Ngome yake ya moto mara nyingi inakataa ping hata kama kila kitu kingine kinafanya kazi. Usiipigie ping, gonga mlango unaoutumia kweli. Folda za pamoja za Windows ziko kwenye mlango 445, kwa hiyo mstari wa `if` uandike hivi, ukiweka anwani ya seva yenu badala ya 10.20.0.5:

`if nc -z -w 2 10.20.0.5 445; then`

Na bakia na ya rauta pia, usiitoe. Zikiwa mbili utajua umpigie nani simu. Rauta na seva zote kimya: umeme au mtoa huduma wa ofisi. Rauta inajibu, seva kimya: VPN yako ni nzima, mtu akaiangalie seva.

---

kibarua_wa_mbali

Mimi nafanyia kazi kampuni ya nje nikiwa Mbezi Beach, VPN inakwenda Ulaya. Naongezea kisa kingine ambacho hata hiyo skripti haitakikamata: kikufuli kipo, handshake mpya, ping inajibu vizuri, na bado faili halifunguki. Unaona orodha ya folda, ukibofya faili kubwa linaning'inia milele.

Hiyo ni saizi ya paketi. WireGuard kwa kawaida inaweka MTU (ukubwa wa juu wa paketi moja) 1420, na baadhi ya mitandao ya simu inabeba paketi ndogo kuliko inavyotarajiwa. Salamu na ping ni vipaketi vidogo, vinapita. Mzigo wenyewe ni mkubwa, unadondoka njiani bila taarifa. Nilikuwa nikitumia waifai ya nyumbani hakuna shida, nikihamia hotspoti ya simu inaanza. Jaribu:

`ping -s 1392 10.20.0.1`

Kama ping ya kawaida inajibu na hii haijibu, mwambie kijana ashushe MTU hadi 1280. Kwangu iliisha hapohapo.

Na mnakumbuka Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za intaneti za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini kwa pamoja? Kikufuli changu kilikaa siku nzima. Ping tatu zikienda inarudi moja, na skripti ya dada hapo juu ingesema ofisi ipo, maana jibu moja linamtosha. Kwa kazi za mbali mimi nahesabu zilizopotea, sitazami tu kama kuna iliyorudi. Kwa Tabata hadi Posta labda haina maana sana.

---

afisa_mstaafu

Nje ya mada kidogo. TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, walitoa tangazo Oktoba 2023 kwamba watu na makampuni wanaotumia VPN kwa shughuli zao wazisajili. Ofisi yenu imesajili?

---

Mhasibu_wa_Tabata

@afisa_mstaafu hilo nimempelekea bosi, si la dawati langu. Nimemtumia na kiungo cha fomu.

Nirudi kwenye mada. Leo saa nane mchana skripti imelia: rauta haijibu, seva haijibu. Nilikuwa na ankara wazi, sikugusa kitufe cha kuhifadhi, nikanakili namba zote kwenye faili la hapa nyumbani. Nikampigia kijana wa IT. Akaanza wimbo wake, "Kikufuli kipo?" Nikamwambia kikufuli tuache, rauta yako imezima, nenda kaiangalie. Kimya kidogo. Akarudi: "Dada umejuaje?" Plagi ilikuwa imechomolewa na mtu wa usafi ili achomeke mashine ya kung'arisha sakafu.

Sasa anataka skripti aiweke kwenye laptopu za wote. Tatizo mwenzangu wa malipo anatumia Windows, na hizo amri hazimo. Yeye afanyeje?

---

dada_wa_mitambo

Kwa Windows, afungue dirisha la WireGuard lenyewe. Itaandikwa "Status: Active" kwa kijani, hiyo apuuze, ni ndugu wa kikufuli chako. Ashuke chini kidogo atafute "Latest handshake". Mkishaweka ile keepalive ya 25, ikisomeka zaidi ya dakika tatu asihifadhi kitu, akupigie wewe.

Nitawaandikia ya PowerShell (lugha ya amri ya Windows) yenye tangazo kama lako wikiendi hii nikitoka zamu. Na huyo wa usafi mwekeeni soketi yake.